Mkaa umenichafulia karatasi nzima: jibu kwa mwanafunzi aliyezoea penseli

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasomea sanaa. Tangu sekondari nachora kwa penseli tu, hasa sura za watu kutoka kwenye picha za simu, na wateja nimekuwa nikiwapata. Muhula huu tumepewa kazi ya kuchora kwa vifaa vitatu ambavyo hatujawahi kuvitumia, pamoja na kukusanya daftari la majaribio. Mkaa umenichafulia karatasi nzima, wino unanitoka mabakamabaka, na michoro yangu imekuwa mibaya kuliko ya kidato cha pili. Vifaa vya dukani ni ghali. Nianze na kipi, nakijuaje, na je, niachane na penseli? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mkono wako haujaharibika, hilo ondoa wasiwasi. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani unaushika mkaa kwa ncha za vidole, umekaa mezani, simu iko mbele yako, na unataka mkaa utoe ile sura laini yenye kope moja moja ambayo wateja wako wanaipenda. Mkaa hautoi hiyo. Hata fundi aliyeutumia maisha yake yote hatakuchorea kope moja moja kwenye A4 kwa kijiti cha mkaa. Umeupima kwa kipimo cha penseli, ukauona umefeli, kisha ukadhani aliyefeli ni wewe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utakuudhi kidogo: kwa wiki chache weka sura za watu pembeni. Ukichora uso, jicho linakimbilia kufanana, na ukianza kutafuta kufanana utarudia ujanja wote wa penseli bila kujijua: kusugua kwa kidole, kukoza kidogo kidogo, kuogopa kugusa paji la uso. Chora sufuria. Chora chandarua kilichofungwa fundo juu ya kitanda, au mkungu wa ndizi. Sufuria haitalalamika kwamba hujaipatia pua.

Sasa, kifaa kigeni kinajulikanaje? Kabla hujachora kitu chochote, chukua karatasi moja na ukitese. Kibonyeze mpaka kikaribie kuvunjika, kisha kiguse kwa mkono mwepesi kabisa. Kilaze ubavu. Kichovye maji. Kisugue, kifute, kirudishe juu ya alama yake chenyewe. Halafu rudia hayo kwenye karatasi tofauti: ya fotokopi, manila, kaki, gazeti la zamani. Pembeni ya kila alama andika ulichofanya, kwa maneno ya kawaida. Unatafuta mambo mawili, yaani kile kifaa kinachofanya bila taabu na kile kinachokataa. Wanafunzi wengi huandika la kwanza tu, wakati la pili ndilo lenye faida. Mkaa unakataa mstari mwembamba unaodumu. Wino unakataa kufutwa. Waya wa shaba, ambao nitaufikia, unakataa weusi. Ukishajua kinachokataliwa, unajua pia ni mchoro gani usijaribu kuulazimisha.

Mfano tunao hapa hapa nchini. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupakia vyuma na baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Rangi ile ni nzito, inaacha ukingo mkali, na kuichanganya polepole mpaka ipate vivuli laini kama vya picha ya kamera ni mateso. Hakuipa mateso hayo. Aliiacha ifanye inachokiweza: umbo bapa, mstari safi, madoadoa, rangi moja imekaa kando ya nyingine bila kuingiliana. Watu husema ule ni mtindo wake, na ni kweli, ila mimi huona nusu ya mtindo ule umetoka kwenye kopo la rangi.

Kwa kazi yako ya muhula, mpangilio ningeufanya hivi: mkaa kwanza, wino wa kalamu ya tete pili, waya wa shaba mwisho. Mkaa unasamehe, unafutika kwa kitambaa, kwa hiyo utakuondolea woga. Wino hausamehi hata kidogo, ndiyo maana unakuja baada ya woga kupungua. Waya utakurudishia ile subira yako ya penseli, lakini kwa masharti mapya. Vyote vitatu unaweza kuvipata karibu bure, na kwa mkaa wewe una bahati ambayo mwanafunzi wa Mwanza au Tanga hana.

Bahati yenyewe ni zabibu. Mkaa wa kuchorea ambao wachoraji wa Ulaya wameutumia kwa karne nyingi unatokana na vijiti vyembamba vya miti michache, na mmojawapo ni mzabibu. Dodoma mizabibu inapogolewa na matawi yake hutupwa au kuchomwa. Omba fungu kwa mkulima. Chagua matawi yenye unene wa penseli, yaliyonyooka, uyamenye gamba na kuyakausha. Yakate yaenee ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha bati, uyapange yabanane. Toboa kifuniko tundu moja dogo kwa msumari, kisha weka kopo katikati ya moto, nje ya nyumba. Moshi mzito utatoka pale tunduni, na mara nyingine utashika moto wenyewe. Huo ni unyevu na gesi za mti zinatoka, usishtuke. Moshi ukikatika kabisa, mti umeiva. Toa kopo, ziba tundu, uliache lipoe, hata ikibidi mpaka asubuhi. Ukilifungua likiwa bado la moto, hewa itaingia na vijiti vitawaka vyote vigeuke majivu huku unaangalia. Kijiti kilichoiva ni chepesi, kikigongwa kinatoa mlio mkavu mwembamba, na kikivunjwa ni cheusi mpaka ndani. Chenye kahawia katikati rudisha motoni.

Usichukue tu kipande cha mkaa wa jikoni. Huo una sehemu ngumu zinazokwaruza karatasi, na weusi wake haulingani. Tena kuna jambo moja ambalo huenda ndilo lililokuponza. Madukani kuna aina mbili za mkaa wa kuchorea. Mmoja ni wa vijiti kama hivyo nilivyoeleza. Mwingine ni unga wa mkaa uliochanganywa na gundi ukashindiliwa, unauzwa kama vijiti vilivyonyooka sana au ndani ya mbao kama penseli. Huu wa pili ni mweusi tii na unang'ang'ania karatasi. Aliyeanza nao huona kila kosa limebaki pale pale, akijaribu kufuta anapaka tope. Anza na wa kijiti, wa kushindiliwa utauhitaji baadaye, pale unapotaka weusi wa mwisho.

Sasa kuutumia. Bandika manila nzima ukutani kwa selotepu ya karatasi, usimame mbele yake. Vunja kijiti kipande cha kama kidole gumba, ukilaze ubavu, mkono utokee begani na siyo kwenye kiwiko wala kifundo. Funika karatasi yote. Ndiyo, ile uliyoiita kuchafua, ifanye kwa makusudi: karatasi nzima iwe kijivu, kisha ipitishie kitambaa kikavu mpaka kijivu kitulie. Weka sufuria ya aluminiamu dirishani, ile iliyoungua chini. Sasa chora kwa kufuta. Raba yoyote itafaa, ukiikata iwe na kona kali. Ukikosa raba, tumia nyama ya ndani ya mkate iliyofinyangwa, maana kabla mpira haujaanza kutumika kufutia, katika miaka ya 1770, wachoraji walifutia mkate.

Anza na kile kinachong'aa kuliko vyote, ambacho kwa sufuria ni mdomo wake, pale dirisha linapogonga ukingo. Ni alama moja fupi, safi, nyeupe kabisa. Kisha nenda kwenye mwanga uliolala tumboni mwa sufuria, huo ufute kwa mkono mwepesi ubaki kijivu cheupe. Upande wa kivuli usiuguse. Halafu chukua kijiti ukoze kule chini kwenye masizi, na kivuli cha sakafuni kilichogusana na kitako. Rudi nyuma hatua tano utazame. Utaiona sufuria nzima imekaa pale, na hakuna mahali ulipochora mstari wa kuizunguka. Upande wa kivuli umeyeyuka ukaungana na nyuma yake, lakini jicho linaumalizia lenyewe. Kwa penseli ungechukua jioni nzima kulifikia hilo, na pengine usingelifikia kwa sababu ungeanza na mstari wa nje.

Michoro hiyo usiihesabu kama picha za kutundika. Futa, chora tena juu ya ile ile. Mchoraji wa Afrika Kusini William Kentridge amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya tabia hiyo: anachora kwa mkaa, anapiga picha kwa kamera, anafuta sehemu, anachora tena kwenye karatasi ile ile, mpaka picha zile zikiunganishwa zinakuwa filamu. Mkaa haufutiki wote, kivuli cha mchoro wa kwanza hubaki, na kivuli hicho ndicho kinachofanya mtu ahisi muda umepita. Ukitaka wa karibu zaidi, tafuta kazi za Mkenya Peterson Kamwathi uone mkaa unavyobeba miili ya watu waliosimama kwenye karatasi kubwa, wazito, bila urembo.

Kuhusu unga unaodondoka: usiupulize kwa mdomo, utauvuta mwenyewe. Toa karatasi nje uigonge kwa nyuma. Ili mchoro usifutike, spreyi ya nywele inatosha kwa mazoezi. Simama mbali kidogo, nje, upulizie kidogo, ikauke, urudie. Hukoza mchoro kiasi na huweza kugeuka manjano baadaye, kwa hiyo kazi ya kuuza inunulie spreyi halisi ya michoro.

Wino. Mabakamabaka uliyoyaona yana sababu mbili za kawaida: karatasi ya fotokopi inafyonza kupita kiasi, na kalamu umeichovya nzima. Lakini mimi nisingeanza na kalamu ya chuma. Nenda kwenye korongo au mfereji wenye matete, ukate tete kavu lenye unene wa kidole kidogo. Ukikosa, mwanzi mwembamba. Likate mshazari mrefu kwa kisu kikali au wembe, ondoa uboho wa ndani, chonga mabega ya pande mbili mpaka ibaki ncha. Pasua ncha katikati kwa ufa mfupi wa kupitishia wino, kisha ikate mraba. Ya kwanza itaharibika. Matete ni mengi. Kwa kalamu za namna hii waandishi wa Siyu, kisiwani Pate huko Kenya, katika karne ya 18 na 19 walinakili na kunakshi misahafu ambayo hadi leo inatafutwa na makumbusho. Na mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa Arles kusini mwa Ufaransa mwaka 1888, alikata matete ya huko huko akachora mashamba kwa nukta, vistari na mikunjo, kila aina ya jani na alama yake.

Tete linabeba wino kidogo, nao unaisha katikati ya mstari. Wanafunzi wanaliona hilo ni kasoro, wanachovya upya kila sekunde. Usichovye. Mstari ulioanza mweusi ukaishia kijivu chenye mikwaruzo unakupa shedi bila kushedi: mbele mweusi, mbali mkavu. Tumia kalamu iliyochovywa karibuni kwa vitu vya mbele, na iliyokaribia kukauka kwa milima. Usichore penseli chini yake kwanza. Ukitanguliza penseli, wino unakuwa mtumwa wa kufuata mistari, na mstari wa mtumwa huonekana.

Wino wenyewe unaweza kuupika. Weka misumari yenye kutu kwenye chupa, uimwagie siki, ukae siku kadhaa mpaka maji yawe na rangi. Kifuniko kiegeshe tu, usikikaze, kwa sababu gesi hutoka. Pembeni chemsha majani ya chai, mengi, bila sukari, mpaka maji yawe machungu hayanyweki. Changanya kidogo kidogo. Chai itageuka nyeusi ghafla kwenye kikombe, kwa sababu chuma kimekutana na ile tanini inayoifanya chai iwe chungu. Ukiona mwepesi, yeyusha utomvu uliokauka wa mgunga kwenye maji ya uvuguvugu uongeze. Kwenye karatasi unaanza hafifu, kisha unakolea kadiri unavyokutana na hewa, kwa hiyo usiuhukumu ukiwa mbichi. Wino wa jamii hii ulitumika Ulaya kwa karne nyingi, nao una dhambi yake: una asidi, na miaka ikipita huila karatasi. Mingi pia imegeuka kahawia. Piga picha nzuri ya kila mchoro, na kazi ya mteja usiifanye kwa huo.

Ukitaka vivuli, ongeza maji na utumie brashi. Kanuni ni moja tu: anza na maji yaliyoguswa na wino, acha yakauke kabisa, ndipo ukoze. Huwezi kurudi nyuma kwenda kwenye weupe.

Kifaa cha tatu. Chukua waya wa umeme wa shaba, ule mnene wa ndani ya nyumba, uuvue plastiki, ukate kipande kifupi ambacho hakijaungwa popote, ukichomeke kwenye ganda la kalamu ya Bic iliyoisha. Sugua ncha kwenye sementi mpaka iwe ya mviringo isiyokwaruza. Kwenye karatasi tupu hautaandika kitu. Paka manila rangi nyeupe ya ukutani, ya maji, isiyong'aa, iliyozimuliwa kidogo, mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukauke, kisha pitisha msasa laini. Chembe ngumu za ile rangi zinaukwangua waya, na mstari unatokea: mwembamba sana, wa kijivu-kahawia, ambao hauongezeki weusi hata ukibonyeza mpaka jasho likutoke. Giza unalijenga kwa mistari juu ya mistari, polepole. Raba haisaidii. Siku zikipita, shaba inakutana na hewa na rangi ya mstari inabadilika yenyewe.

Wachoraji mabingwa wa zamani walitumia waya wa madini ya fedha badala ya shaba. Mjerumani Albrecht Dürer alijichora kwa ncha ya fedha mwaka 1484 akiwa na miaka 13, na mchoro huo uko kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Utazame kwenye simu yako kabla hujaanza, halafu hapa ndipo nakuruhusu urudi kwenye sura za watu. Zile kope utazichora. Ila mkae naye ana kwa ana, jirani au mdogo wako, picha ya simu iache.

Penseli usiiache, nani kakwambia uiache? Hii ya leo nayo ilizaliwa kwa dhiki. Ufaransa ilipokuwa vitani na Uingereza, grafaiti safi (ule weusi wa penseli) ya Borrowdale, Uingereza, ikawa haipatikani, na mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma tanuruni. Udongo ukizidi inakuwa ngumu, ukipungua inakuwa laini na nyeusi. Ndizo H na B unazozijua. Jambo ambalo ningekushauri ni kuifanya penseli nayo iwe ngeni. Nunua ya seremala, ile bapa, uichonge kwa kisu, uchore chandarua kwenye karatasi ya kaki. Utashangaa.

Pesa kidogo uliyonayo usiipeleke kwenye seti za rangi zenye visanduku vya kupendeza. Hizo zina vitu vingi vidogo na hakuna hata kimoja utakachokijua vizuri. Nunua karatasi nzito chache za rangi za maji, za gramu 300 kwa mita ya mraba, kwa michoro ya mwisho ya wino. Mengine yote fanyia manila na kaki.

Daftari, mwisho, usilisafishe. Najua kishawishi cha kuchana kurasa mbaya usiku wa kuamkia kukusanya na kuweka zile tatu nzuri tu. Anayesahihisha ameshaona michoro mizuri ya penseli, pengine hata ya kwako. Anachotafuta ni kuona ulikuta nini: ukurasa ambapo mkaa ulipasuka, kando yake umeandika karatasi ilikuwa gani, kikombe cha chai kilichogeuka cheusi na kile kilichokataa, pamoja na vipimo vyake. Weka tarehe, bandika kipande cha kila karatasi uliyotumia, na kurasa za mkaa zitenganishe kwa karatasi laini zisipakazane.